Ndevu Kwenye Shimo la Migomba

Mkamwana wangu Nyanchera alikuwa akipika chakula cha jioni haraka kuliko mtu mwaminifu anavyoweza kupika.

Ndivyo nilivyowaza mwaka ule wa 1973, hapa hapa Gesima. Nilikuwa nikimwona anapanda mlima kutoka shule aliyokuwa akifundisha, kikapu mkononi, viatu vizito kwa udongo, jua limeshagusa ncha za mikaratusi. Mimi naenda kumfunga ndama. Ndama mwenyewe hakuwa mbishi. Nikirudi, moshi wa jikoni kwake umeshakatika na mwanangu Joash yuko mezani anajifuta midomo. Sasa niambie. Chinsaga, mboga yetu ile chungu, peke yake inataka nusu ya siku na maziwa yaliyolala ndipo uchungu uishe. Maharagwe yanataka kuni za kuchomea matofali. Ni chakula gani hicho kinachoiva kabla ndama hajafungwa?

"Ni cha kikaango, Mama," alinijibu nilipomuuliza. "Kila kitu kinaingia pamoja."

Kikaango chenyewe alikuja nacho kutoka Kisii mjini, cheusi, kina mkono mrefu kama wa jembe. Anaweka mafuta, kitunguu, nyanya alizoziponda kwa kiganja. Juu yake ndizi mbichi alizozikata nyembamba kama kucha. Maji kidogo. Halafu vipande vya samaki, na mwisho kabisa majani ya sukuma au managu machanga, kisha anafunika kwa kifuniko cha sufuria. Hakuna ugali! Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, hadi Alhamisi. Ijumaa tu ndipo alipopika kama watu, kwa ajili ya Sabato, vyungu vitatu.

Samaki ndiye aliyenikosesha usingizi. Sisi Wasabato tunafuata maandiko: wa majini ni halali akiwa na mapezi na magamba. Asiye na magamba ni najisi, hata awe na ladha ya asali. Tena Nyanchera hakulelewa katika hayo. Alikuwa binti wa Wakatoliki wa Nyamarambe, na kwao kilichotoka ziwani kilikuwa kitoweo tu, hakuna aliyekikagua.

Joash alikuwa amemwoa kwa ng'ombe na kwa cheti cha DC. Lililobaki lilikuwa ubatizo. Mwaka uliotangulia Nyanchera alirudishwa darasa la ubatizo kwa sababu ya kukosa vipindi, na mchungaji alikuwa amesema wazi kwamba atakayerudishwa mara mbili jina lake litafutwa. Baba yake alimwambia mbele yangu, siku walipokuja kutusalimu, "Nyanchera, umeufunga mlango wa kwetu kwa mkono wako. Hao nao wasipokufungulia, utasimama kwenye mvua." Msichana alicheka. Mimi niliona jinsi alivyoushika mkono wa kiti.

Kanisani kwetu kulikuwa na desturi. Mwanamke aliyeolewa akiomba ubatizo, baraza humwita mama mkwe wake. Wanamuuliza kuhusu pombe, kuhusu tumbaku na kuhusu chakula. Walisema hakuna anayekijua chungu cha mke wa mtu kuliko mama mkwe. Mimi tena nilikuwa shemasi, niliyeoka mkate wa meza ya Bwana. Neno langu likisema ndiyo, Nyanchera anashuka mtoni. Likisema hapana, jina linafutwa. Zilikuwa zimebaki Sabato mbili baraza liketi.

Basi nikaanza kutafuta magamba.

Usinicheke. Samaki akiparwa, magamba yanaruka kila mahali, yananata ukutani, yanang'aa kwenye majani kama vipande vya kioo. Nilizunguka nyuma ya jiko lake asubuhi akiwa shuleni. Nikatazama kwenye jivu. Nikatazama penye kibao cha kuoshea vyombo. Nikainamia shimo la taka lililo kati ya migomba yake na yangu, na mgongo wangu wakati huo ulikuwa umeanza kunidai. Hakuna gamba hata moja. Wiki nzima samaki analiwa na hakuna gamba!

Jumapili jioni alikuja kunisaidia kupukuchua mahindi. Mimi napenda vitendawili tangu shule, ingawa shule yenyewe niliiacha darasa la nne. Nikasema, "Kitendawili, mkamwana."

"Tega, Mama."

"Shati lake lina vifungo elfu, na fundi aliyelishona hajulikani."

Hakufikiri hata kidogo. "Samaki."

"Vema. Kitendawili."

"Tega."

"Ana ndevu, na hajawahi kuoa."

Mkono wake ukasimama kwenye gunzi. Mtu aliyejibu la kwanza upesi vile angeshindwaje na la pili? Nilimtazama. Yeye akayatazama mahindi.

"Nimeshindwa," akasema. "Nakupa mji. Chukua Kisii."

"Kisii siitaki. Ina vumbi."

"Basi chukua Nairobi, Mama."

"Unanipa Nairobi nzima kwa kitendawili cha mtoto?"

Akacheka kidogo, lakini kicheko hakikufika machoni. Nilipomwambia jibu ni kambare, alisema, "Ahaa," kama mtu aliyepokea barua anayoijua. Nilipeleka lile "ahaa" kitandani, nikaligeuza upande huu na upande huu.

Jumanne kuku wangu walikuwa wakichakura shimoni, wanagombania kitu. Nikawafukuza kwa kijiti. Kilikuwa kichwa cha samaki, kimeungua upande mmoja, kipana na bapa kama ndara iliyokanyagwa. Hakikuwa na gamba. Na pale mdomoni, ndevu, ndefu, zimejikunja kwa moto.

Nilikaa chini palepale kwenye majani makavu ya mgomba. Nilisikia huruma na hasira kwa pamoja, na kusema kweli nilisikia pia kile kifuraha kibaya cha mtu aliyekuwa akishuku akaona hakukosea. Nikakizika kichwa kwa kisigino. Halafu, badala ya kungoja aliyekipika arudi nimuulize, nikajifunga kitambaa nikaenda kwa Bathsheba.

Bathsheba alikuwa mke wa mzee wa kanisa, Mzee Manasseh. Alikuwa anachambua mtama. Nilimwambia kwa kuzunguka, nikitumaini ataniambia si kitu.

"Ndevu?" akauliza.

"Ndevu."

"Ulizigusa?"

"Kwa nini nizishike, Bathsheba? Kwani ni ndevu za marehemu?"

"Nauliza tu, Mama Joash. Kama ulizigusa, Sabato hii usioke mkate." Akapuliza makapi. "Na mwanao maskini analishwa hayo kila jioni, naye ndiye karani wa kanisa! Ndiye atakayesoma majina!"

Hapo nikajua nimefungua zizi. Bathsheba akijua jambo, Manasseh amelijua, na Manasseh akilijua limeshafika barazani. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba nimefanya la haki. Mtu hajiambii hivyo kama amelifanya kweli.

Jumatano nilikwenda sokoni kwa mama mmoja wa ziwani aliyekuja na samaki kwa basi, ambaye Nyanchera alikuwa mteja wake. Alikuwa ameketi juu ya gunia lililolowa maji, kisu mkononi.

"Yule mwalimu mwembamba wa Gesima," nikamwambia, "huwa unamuuzia nini?"

"Ngege, wale wa magamba. Yeye ni ngege tu. Na anataka nimpare hapahapa, nimkate vipande, nimfungie kwa jani. Anasema akifika nyumbani hana wakati, na mama mkwe wake hapendi harufu."

Nilikohoa. "Na wale wenye ndevu, humuuzii?"

"Mumi? Hapana. Mumi wananunuliwa na wanaume. Wanaume wenu wa baiskeli, wale wa kalamu mfukoni. Wananinong'oneza kama wananunua bangi." Akacheka, akalirusha tumbo la samaki kwa paka. "Wewe nikufungie?"

"Ishindwe!" nikasema, nikaondoka.

Hapo ungefikiri nimeshaelewa. Siku hizo sikuelewa chochote ambacho sikutaka kukielewa. Nilijiambia kwamba mwuzaji humficha mteja wake, wote wawili lao moja. Mambo ya magamba nikayakubali, kwa kuwa nilimwona yule mama akiyapara kwa macho yangu. Ila ndevu zilikuwa ndevu.

Nikaamua nitamshika moto ukiwaka.

Alhamisi sikumngoja ndama. Nilimfunga mapema, nikaketi nyuma ya ghala langu, na nilipouona moshi wa Nyanchera nikaondoka. Kwetu mama wa mume haingii jikoni kwa mke wa mwanawe jioni bila kubisha, ni ensoni, heshima inayotenganisha watu waliooana na wazazi. Nilibisha, lakini nilibisha mguu mmoja ukiwa ndani.

"Hodi humu."

Nyanchera alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga. Kikaango kilikuwa motoni, kifuniko kinacheza, harufu ya nyanya na kitunguu na ndizi imejaa chumba. Alikuwa ameshika konzi ya managu tayari kuyaweka juu. Kwenye makaa ya pembeni kulikuwa na waya, na juu ya waya kambare mzima anatoa mafuta. Na juu ya kigoda, mikono ya shati imekunjwa, akimgeuza kwa uma wa kulia, alikuwa mwanangu Joash.

Mwanamume aliyetahiriwa, kwenye mafiga. Sikujua nishangae lipi kwanza.

"Mama," akasema Joash. Uma ukamwanguka.

"Karibu, Mama," akasema Nyanchera. Akaweka managu kwenye kikaango, akafunika, kama kwamba mgeni wa kawaida amefika.

"Ni nani anayekula hicho?" nikauliza.

Nyanchera alitazama moto. Nikaelewa kile kimya chake cha mahindi, na ile Nairobi aliyonipa. Mke hamwaniki mume wake kwa mama mzazi. Angekatwa kidole kwanza.

"Ni mimi," Joash akasema mwishoni. "Peke yangu. Nilizoea kule ziwani, miaka ile miwili nikiwa karani wa pamba. Nikionja kingine nahisi kama sijala. Yeye hamgusi. Kwenye kikaango amekataa asiingie hata mkia. Ndiyo maana naoka mwenyewe."

"Kwa uma wake?"

"Uma ni wangu, Mama. Ameutia alama ya uzi."

Nikautazama uma pale chini. Kweli, ulikuwa umefungwa uzi mwekundu.

Nikageuka kutoka. Joash akanifuata hadi mlangoni, akashusha sauti, ingawa jiko lile lilikuwa dogo na hata panya angesikia. "Mama, nimesikia Bathsheba anasema mambo. Jumamosi watakuuliza. Nisikilize. Sema hujui. Au sema apewe muda kidogo, basi."

"Apewe muda nani?"

"Nyanchera. Yeye ni wa darasani tu. Mimi ni karani wa kanisa. Jina langu likichafuka, limechafuka hadi kwa wajukuu. Yeye wakimfuta anaweza kwenda kanisa lingine, hata Kisii mjini, aanze upya."

Nilimzaa mwenyewe yule. Nilimbeba mgongoni nikipalilia, nikamsomesha kwa pareto niliyoichuma kwa vidole hivi. Na nilipomtazama nilitamani sana kusema ndiyo. Hilo silifichi.

Nyuma yetu Nyanchera akakiondoa kikaango motoni. "Kimeiva," akasema. Hakusema kingine. Akanipakulia.

Nilikula. Ndizi zilikuwa zimenywa mchuzi wa samaki, managu bado mabichi kidogo, ya kijani, hayajafa. Kilikuwa kitamu, na niliudhika kwamba kilikuwa kitamu. Joash alikula kambare wake kwenye sahani ya bati, ameelekea ukutani.

Sabato mchana baraza liliketi katika chumba cha nyuma ya kanisa. Walikuwa wazee watano, na Bathsheba akiwa mwakilishi wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Mwisho wa meza alikaa Joash na kitabu cha kumbukumbu, maana karani ndiye anayeandika. Nyanchera aliambiwa akae nje kwenye benchi chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi.

Mzee Manasseh alivaa miwani. "Mama Joash, tutakuuliza mbele za Bwana. Pombe?"

"Haijui."

"Tumbaku?"

"Haijui."

Joash aliandika. Niliisikia kalamu.

"Chakula." Manasseh alikohoa, akamtazama mkewe. "Tumesikia neno. Je, jikoni kwa Nyanchera pameingia samaki asiye na magamba?"

Chumba kilikuwa na joto. Nilimwona mwanangu hajainua uso, na sikio lake limekuwa jekundu kama lilivyokuwa utotoni akiiba sukari. Nikijibu "hapana" nitakuwa nimesema uongo mbele ya meza ninayoiokea mkate. Nikijibu "ndiyo" nikanyamaza, nitakuwa nimesema kweli, na msichana aliye nje atasimama kwenye mvua aliyoahidiwa na baba yake. Ukweli nusu ungemwokoa mwanangu, na ulikuwa mwepesi sana mdomoni.

"Ameingia," nikasema.

Bathsheba akashusha pumzi. "Nilisema."

"Ulisema nilichokwambia, Bathsheba, nami nilikwambia nisichokijua. Ngoja nimalize." Nikamgeukia Manasseh. "Aliyemleta ni mwanangu. Aliyemwoka ni mwanangu. Aliyemla ni mwanangu. Nimeona kwa macho. Mkamwana wangu hakumtia kwenye kikaango chake, na uma uliomgusa ameutia alama usichanganyike. Mimi ndiye niliyemshuku yeye na kulitoa neno nje kabla ya kuuliza."

Kalamu haikusikika tena.

"Karani," Manasseh akasema polepole, "umeandika?"

Joash alikuwa ametazama karatasi kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Andika, mwanangu," nikamwambia. "Andika kama nilivyosema. Anza na 'ameingia'."

Halafu nikaisikia kalamu ikikwaruza, neno moja, neno moja, hadi mwisho. Alipomaliza alikifunga kitabu, akakisukuma mbele ya Mzee Manasseh, akaweka kalamu juu yake, akatoka bila kuambiwa.

Walimsimamisha ukarani hadi mwaka uliofuata. Majina ya ubatizo alisoma mwingine. La Nyanchera lilikuwa la tatu. Mimi mwenyewe nilipumzishwa kuoka mkate robo moja ya mwaka, kwa ajili ya ulimi, na nikasema amina, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Lakini siku ile tulirudi nyumbani watu watatu kama wasiojuana. Joash mbele kabisa, mikono nyuma, hatua ndefu. Mimi na Nyanchera nyuma. Tulipita shamba la chai, tukapita kijito. Nilingoja aniambie asante. Kibibi mzima, nikangoja kama mtoto anayengoja peremende.

"Mama," akasema mwishowe.

"Naam, mwanangu."

"Wiki mbili ulinizungukia. Shimoni, kwenye jivu, sokoni. Yule mama wa samaki aliniambia. Ukanitegea vitendawili. Hukuniuliza hata mara moja."

"Ningekuuliza ungeniambia?"

Akafikiri hatua kadhaa. "Hapana."

"Basi?"

"Basi ungekuwa umeniuliza."

Njia ilikuwa imeanza kupanda mlima. Akaniondolea mfuko wa Biblia begani, maana alijua magoti yangu, akautia begani kwake, tukapanda pamoja mpaka langoni.